Makopo ya Giligilani

S.L.P. 14,
Mikumi.
11 Januari, 1994.

Mpendwa Dada Hildegarda,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo kijijini kwetu Ulaya, na kwamba kifua cha mama kimepata nafuu. Nifikishie shikamoo yangu kwake. Sisi huku tupo, tunasogeza siku. Shemeji yako Emanueli, tangu apunguzwe kazi kule kwenye mkonge, akiamka anakaa barazani kusikiliza redio mpaka betri ziishe. Simlaumu, ila nimechoka.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kwamba Jumamosi ukoo unakaa kumjadili mdogo wetu Beda, mtoto wa baba mdogo, kwa kunicheleweshea habari ya kifo cha baba, na kwamba wazee wanataka kumnyang'anya lile shamba la mtoni alilopewa na marehemu. Nimeisoma mara tatu.

Umeniuliza pia ninaishije. Naishi kwa makopo, dada. Mwenye nyumba hataki uwanja wake uchimbwe, basi nimeokota madebe ya mafuta ya kula, makopo ya maziwa, hata beseni lililopasuka, nikayatoboa chini kwa msumari na kujaza udongo na samadi ya mbuzi. Nimepanda giligilani, nanaa, mrehani na mchaichai. Asubuhi namwagilia, jioni namwagilia, katikati nafukuza nyani. Tangu biashara ziwe ruksa imefunguliwa hoteli ya watalii hapa karibu na barabara kuu, na mpishi wao, Goodhope, ananunua majani mabichi. Ana madeko kama bwana harusi. Majani yakatwe asubuhi hiyo hiyo, yafike kabla ya saa sita, na ukimwangusha mara moja anatafuta mtu mwingine. Majirani zangu wawili wameshaanza makopo yao, wanasubiri niteleze tu.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Beda hakuchelewa. Siku ile ya Novemba alifika hapa saa tatu asubuhi na baiskeli yake, jasho linamtiririka, hana hata harufu ya pombe. Alinikuta nakata giligilani ya oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Akaniambia baba amefariki usiku na maziko ni jioni hiyo. Nililia, kisha nikaendelea kukata. Nikamwambia apumzike kwangu, mimi nafikisha mzigo mara moja halafu napanda gari.

Hotelini niliwekwa mpaka saa nane. Goodhope alichukua nusu, nusu akasema imelegea. Nilipofika barabarani, magari ya kuja huko yalikuwa yameisha. Na sikuwa na wasiwasi, dada, hilo ndilo linaloniumiza. Kwetu hatuziki mpaka mtoto aliye mbali afike atupe udongo wake. Nilijua mtanisubiri, ndiyo maana sikukimbia.

Nilipofika kesho yake mkanieleza kwamba mlimweka baba mpaka saa kumi na mbili, mama akizuia jeneza lisifungwe, hadi joto likawashinda. Mliponiuliza, nikasema Beda alinifikia usiku. Kwa kuwa anajulikana kwa pombe, wote mliamini. Nilimshika miguu anyamaze, naye kwa kuniheshimu kama dada yake amenyamaza hadi leo, hata sasa anapokaribia kupokonywa shamba.

Nakuomba uisome barua hii Jumamosi mbele ya wote, mama akiwepo, wala usiruke mahali. Hasira zenu ni haki yangu, Beda aachiwe shamba lake. Ningekuja kuyasema kwa mdomo wangu, lakini Jumamosi ni siku ya kupeleka majani hotelini, na safari hii sitaki kuwadanganya kuhusu kinachonizuia.

Wasalimie watoto wote na shemeji. Emanueli naye anakusalimu. Kama hutanijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Costancia