Mume Wangu Msemaji Ananyamaza Kwenye Ngazi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nguo za mume wangu nimeshazifunga kwenye sanduku na sanduku liko mlangoni.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, ghorofa ya nne, na mume wangu ni dalali wa mnada, mtu wa kunadi makabati na magodoro tangu asubuhi bila kumeza mate, na zamani alikuwa akianza hadithi getini anaimalizia mlangoni kwetu bila kupumzika, jengo zima linamjua, sasa tangu aanze kwenda kukimbia na wenzake kila jioni anapanda ngazi kimya kama mtu anayenyata, anasimama kila ghorofa eti anafunga kamba za viatu, nikamchungulia, Mshauri, na kamba zilikuwa zimefungwa! Nikajiuliza mdomo ule umezibwa na nini kama si siri. Nikamdadisi mke wa mwenzake mmoja, akacheka kwanza, halafu akasema, "Dada yangu, mumeo hafiki mbali siku hizi. Anaishia pale duka la simu, yule binti anamtolea kiti." Nikaenda kukiona hicho kiti. Kina mto! Nani anampa mume wa mtu kiti chenye mto?

Jana aliporudi nikamwacha akae, akanywa maji, akapumzika mpaka nikamaliza kupiga pasi suruali mbili za mteja, ndipo nikajidai nampima shati jipya, nikamzungushia tepu na kutega sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kama cherehani yangu nikiikanyaga kwa hasira. Nikamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Akasema, "Mke wangu... ngoja... nipumue kwanza." Mtu amekaa muda wote huo, apumue nini tena? Na jasho lake lilikuwa la baridi. Mimi najua moyo wa mwongo ndio unaodunda hivyo. Sasa nimfukuze, au nimfumanie kwanza nipate ushahidi?

Mke wa Dalali

*

Mke wa Dalali,

Pole. Hata mimi barua yako imenitia shaka, ila si hiyo yako. Umepeleleza vizuri kuliko askari, kisha ukamkamata asiyehusika.

Hebu panda ngazi zenu mwenyewe kwa haraka, ujisikilize. Misuli ikifanya kazi inadai hewa zaidi, mapafu yanaivuta, moyo unaisambaza kwa damu, ndiyo maana pumzi na mapigo hupanda pamoja. Ukikaa, vyote viwili vinashuka kidogo kidogo, na mtu mwenye afya haimchukui muda kabla hajaanza kupiga soga kama kawaida. Mumeo amekaa suruali mbili zikapigwa pasi, moyo bado unakimbia na pumzi bado inamkatia maneno. Uongo unaweza kumdundisha mtu moyo, sikatai, lakini haumsimamishi kila ghorofa. Huyo dalali wako ananyamaza kwa sababu hawezi kupanda na kuongea kwa wakati mmoja.

Na yeye nina neno naye. Mwanamume mzima kuinamia kamba zilizokwisha kufungwa ili mkewe asijue kwamba amechoka, huo ni utoto. Lakini wewe ndiye uliyeweka sikio kifuani. Ukasikia, ukamuuliza alikuwa wapi. Hukumuuliza anaumwa wapi.

Mimi si daktari, na ushahidi ulionao unatosha. Mbio zikome leo, na hospitali muende leo hii, wote wawili. Mvalishe shati la vifungo mbele ili apimwe kwa urahisi. Akisema kifua kinambana, acha hata sindano ndani ya kitambaa, umkimbize hospitali moja kwa moja. Kama hakimbani, njiani mpite duka la simu umuulize yule binti mumeo huwa anafika pale akiwa na hali gani, maana daktari atataka kujua. Umshukuru pia kwa ule mto. Mgeni alimwona mumeo amechoka, akampa pa kukaa, na wewe ukamwekea sanduku mlangoni.

Hilo sanduku usilifungue kwanza. Wakisema alazwe, nguo zake ziko tayari.