Dwight na Mchezo Wangu

Maxine, niko garini. Dwight kanidhalilisha mbele ya ukumbi mzima!

Kwenye maonyesho ya kompyuta za zamani hapa Tacoma, kauwasha ule mchezo wa mbio za magari tuliotengeneza pamoja kazini, kwenye kompyuta ya Windows 95. Eti michoro yote aliitengeneza yeye. Yeye!!

Nikasimama: "Dwight, ile kazi ni yangu."

Akacheka. "Lorna alikuwa anatupikia kahawa tu."

KAHAWA, Maxine! Na watu wakacheka.

Halafu kompyuta ikaganda. Mchezo unataka skrini iwekwe rangi 256 tu, yeye kaweka mamilioni, na hajui, wakati aliyetengeneza michoro angejua! Anabonyeza hovyo, jasho linamtoka, mwisho ananiita: "Lorna, njoo basi, dada yangu."

Dada yake nani? Nikachukua koti langu, nikamwacha agande nayo.