Siku komanda alifunga fonie

Mujukuu wangu Masika,

Salamu toka Butembo. Sisi wote tuko wazima. Mama yako alivuna maharagi mazuri, na muguu wangu unaniachilia kufika misa.

Unaniuliza, wewe unayesoma droit, mambo ya sheria, kule Kisangani, kama serikali inafanya vizuri kukata internet juu ya usalama. Mimi sikusoma droit. Lakini nikiwa musichana nilitumika kwa fonie, ile redio ya kuongea na batu ba Manguredjipa. Siku moja komanda mupya wa askari akafunga chumba cha fonie na ufunguo. "Mademoiselle, fonie inabebaka uongo, inatisha batu." Ilikuwa kweli, ilibebaka.

Siku ya tatu uongo ukakuja na miguu. Mutu mumoja akasema sokoni kwamba Manguredjipa inawaka moto. Soko lote likafunga mizigo, na hapana mutu alijua pa kuulizia. Komanda akafika mbio na ufunguo mukononi, akafungua, akakaa karibu yangu.

"Uliza."

Nikauliza. Katekista wa kule akajibu: "Moto gani? Huku tunaanika kahawa. Mutuletee chumvi."

Komanda alicheka mpaka akavua kofia. Toka pale alikuja kila asubuhi kusikiliza, lakini ufunguo aliniachia.

Sisemi serikali isiogope. Hata mimi ninaogopa. Lakini ukifunga njia, uongo unapita tu. Kinachokwama ni swali la mutu anayetafuta ukweli.

Siku moja utapewa bureau, ofisi yako ya serikali, na ufunguo. Ninakuombea ukae karibu ya mwenye kuuliza.

Koko wako,
Katungu