Zoezi la Uzamivu Limenionyesha Nani Aliharibu Dawa

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla sijafanya ujinga wa pili. Mimi ni meneja wa bohari ya dawa, nina miaka arobaini na sita, nasomea uzamivu wa ugavi na uchukuzi, na nilidhani uzamivu ni kuandika kitabu tu, kumbe kuna kozi sita za darasani, usipofaulu zote huruhusiwi hata kuanza utafiti, basi nikajikuta nakaa dawati moja na vijana wanaoniita baba. Tano nimepita. Zoezi la sita ni kuchukua kumbukumbu za kazini kwako na kufuatilia hasara moja mpaka chanzo chake, nami kwa kiherehere changu nikachagua zile katoni za dawa ya watoto zilizoisha muda, zilizomfukuzisha kazi mtunza stoo wetu, mama tuliyemwita Bi Funguo. Mshauri, nimepiga hesabu mara nne, chanzo ni mimi! Niliamuru mzigo mpya upangwe mbele utoke kwanza kwa sababu lori lilikuwa linasubiri, naye akaniandikia, "Bosi, za zamani zitaharibikia nyuma," nikatia sahihi bila kusoma, na alipojitetea kwamba aliniandikia nikaapa sijaona. Karatasi nimeikuta kwenye faili langu. Sasa hivi mama wa watu anafua nguo za majirani. Zoezi ni la Ijumaa, mke wangu keshaanza kuniita Daktari, na nikibadilisha tarehe mbili tu kwenye zile kumbukumbu hakuna atakayejua. Nifanyeje?

Meneja, Mwenye Aibu

Pole sana, baba. Mtu mzima kurudi darasani ni ujasiri, wala sikucheki. Na mficha uchi hazai, umefanya vizuri kusema. Lakini hapo pa tarehe, koma! Hakuna atakayejua? Wewe je? Unataka kumfukuza yule mama mara ya pili, safari hii kwa makusudi?

Zoezi peleka kama lilivyo. Mwandikie mkuu wako, ambatisha ile karatasi, omba Bi Funguo arudishwe kazini. Huenda ukaadhibiwa, vumilia. Mkeo mwambie mwenyewe kabla hajasikia mitaani.

Ila kabla ya hayo yote, kesho asubuhi nenda kwa Bi Funguo. Usipeleke zawadi, peleka karatasi yake. Ukimkuta anafua, usimsimamie kibosi, tafuta kigoda ukae. Msalimie kwa heshima, kisha sema: "Mama, uliniandikia kweli. Aliyekosa ni mimi."