Tanuri la Mchwa

Jumanne, 5 Agosti 2025

Baridi ya Ufipa hii! Nimechimba nikiwa nimevaa makoti mawili. Nilimwambia Dokta Hellena, mwanaakiolojia ninayechimba naye, kifua mbele: kile kilima shambani kwa Shija ni tanuri la chuma la mababu zetu Wafipa. Shija, mfugaji wa Kisukuma, anautaka udongo wake afyatue matofali. Ametupa muda mpaka Ijumaa. Mvua zikimkuta bila nyumba, mkewe na watoto watalala tena chini ya turubai.

Dokta aliwahi kuchimba mji wa Wafilisti huko ng'ambo. Shija kasikia, akauliza kama si wale wa kwenye Biblia, waliowanolea Waisraeli majembe. Ndio hao! Basi tangu asubuhi sisi Wafipa, wajukuu wa wafua chuma, tumekuwa Wafilisti wake wa utani.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mchwa. Mchwa watupu! Kilima chote kichuguu. Nilitamani ardhi inimeze. Dokta alicheka mpaka akakaa chini. Shija ndiye kafurahi zaidi – udongo wa kichuguu ndio wa matofali, na tumemchimbia bure. Jioni katuletea maziwa mgando. Nikaweka aibu kando, nikanywa.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Kupiga picha, kufungasha. Upepo. Sina hamu.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Sijui nianzie wapi! Tumefika, Shija na shemeji zake wameshaanza kukata udongo. Nikashuka shimoni kuchukua kamba yetu, nikakanyaga kitu kigumu. Mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa! Meusi, mazito. Pembeni ukuta ulioiva kwa moto, na mrija wa udongo wa kupitishia upepo, mzima kabisa. Kumbe mchwa walijenga juu ya tanuri! Nilipiga kelele. Dokta akanikumbatia, vumbi mpaka kwenye miwani.

Shija naye akashuka, akauinamia mrija, akachungulia ndani. Akacheka.

"Kitu kizuri hiki, dada Jovina. Sasa mimi nyumba nitajenga na nini?"

Dokta akasema atatafutiwa udongo kwingine. Shija akajibu kwingine kote ni mchanga, tofali linapasuka. Ni kweli, nimekulia hapa. Dokta akanigeukia, anataka nimkatalie Shija asichimbe tena. Shija akanigeukia, anataka niseme ukweli wa udongo.

Nimeomba ninywe chai kwanza. Naandika nyuma ya gari. Furaha haijanitoka hata kidogo – na hilo ndilo linaloniuma. Chai imeisha. Shemeji zake wameegemea majembe, wananitazama.