Msalaba Dirishani

Nyumbani, mlimani
1 Machi 2025

Mwanangu Jastin,

Hujambo wewe na mguu wako? Prisca akishusha mboga zake sokoni huwa anapita kukuchungulia, na ameniambia bado una hogo la plasta mpaka gotini, na mafundi wako unawagombeza ukiwa kitini. Mimi mzima, mgongo tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sikusikii, na mtandao wenyewe hadi nipande kule mwambani kwa jirani yangu Modesta.

Mwanangu, chini ya sakafu kuna sauti. Si panya. Ni kama mtu anaburuta gunia la mahindi taratibu, anapumzika, anaburuta tena. Naisikia mchana nikichambua maharage, tena naisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Mlango wa nyuma umeanza kukwama. Na lipo jingine ambalo nimemwambia Modesta peke yake. Miaka yote nikikaa kwenye kigoda changu jikoni naona msalaba wa kanisa la ng'ambo katikati ya dirisha. Sasa msalaba umekwenda pembeni, unagusa fremu. Na kigoda kipo palepale, miguu yake ilishachimba vishimo vyake sakafuni.

Mjomba wako Kondo amecheka. Kasema nikiogopa nishuke kwako Bigwa, shamba ukoo utampa mwenye nguvu za kulima. Kwa sasa nalala kwa Modesta. Niambie nifanye nini, wewe ndiye fundi.

Mama yako,
Bernadeta


Bigwa
8 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Habari za huko, na mgongo? Sisi hatujambo. Mkweo Tumaini anakusalimia, wajukuu wako wanataka mafenesi. Mguu unawasha ndani ya hogo na siwezi kuukuna. Daktari kasema wiki sita zaidi, kwa hiyo kupanda siwezi.

Usinikasirikie nikisema wazi. Simu ukiiweka sikioni hunisikii, ardhi utaisikiaje? Na jicho la kulia uliambiwa mwaka juzi kwamba lina mtoto wa jicho. Mama, macho na masikio ni mashahidi wanaohongeka. Mimi nilianza kubeba mchanga nina miaka kumi na saba, hakuna aliyenishika mkono, na kilichonitoa ni kutoamini jicho langu mwenyewe. Fundi akiniambia "naona umenyooka", namwambia arudi akapime.

Prisca anakuletea futi yangu. Piga vigingi vitatu: kimoja kwenye mfenesi, kingine kwenye banda la mbuzi, cha tatu ukingoni mwa migomba. Kila Ijumaa asubuhi pima kutoka kona ya nyumba hadi kila kigingi, uandike. Ardhi ikisogea, namba zitasogea.

Lakini usihame kwa ajili ya sauti. Baba alipokufa, shamba lake lilikwenda kwa wapwa zake, sisi tukatoka na ndoo mbili na jembe. Sijasahau. Hilo ulilonalo ni la ukoo wako, linatoka kwa mama kwenda kwa binti, ni la Janeth na watoto wake. Mjomba anangoja ugeuze kisogo tu. Dada yangu asije naye akatoka na ndoo.

Mwanao,
Jastin


Nyumbani, mlimani
22 Machi 2025

Mwanangu Jastin,

Marahaba. Hawajambo wajukuu? Mvua huku zimeshika kweli, nguo zina siku nne kwenye kamba.

Nimepima Ijumaa mbili. Modesta alishika ncha moja ya futi, akawa ananitania kwamba nimekuwa mhandisi uzeeni. Mfenesi, mita saba na sentimita arobaini. Banda, kumi na mbili na kumi na tano. Migomba, kumi na tisa na sitini. Jana na Ijumaa iliyopita ni zilezile, hata sentimita moja haikupungua.

Ila sauti ipo. Mlango wa nyuma haufunguki tena, napita mbele. Maji ya chemchemi yana rangi ya chai ya maziwa. Na msalaba nauona nusu tu, nusu nyingine imeingia ukutani.

Modesta ameniambia, "Bernadeta, tangu lini kanisa likatembea?" Wewe unasemaje? Nisikilize futi au nyayo zangu?

Mama yako,
Bernadeta


Bigwa
29 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nashukuru kwa namba, umeziandika vizuri kuliko vijana wangu wa saiti. Habari za Modesta? Mwambie utani wake nimeupata.

Sikiliza futi, Mama. Vipimo vitatu, Ijumaa mbili, tofauti sifuri. Mlango ni mbao, masika inavimba. Chemchemi ikinyeshewa inachafuka, ndivyo ilivyokuwa tangu nikiwa mdogo. Msalaba ni jicho lako, hogo likitoka nakuleta mjini kwa daktari. Sauti ni woga, na woga una masikio makali mno.

Rudi ukalale kwako. Nyumba isiyolaliwa Mjomba ataiita mahame, kisha ataita kikao.

Mwanao,
Jastin


Bigwa
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye. Ukishaisoma hii toka ndani, usimalizie hata chai.

Leo nilibebwa hadi saiti, tunajenga ukuta wa mama mmoja anaitwa Mwanahawa. Kiwanja kilijazwa kifusi. Abuu, fundi wangu, alivuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, nikakagua mwenyewe: imenyooka, vipimo sawasawa. Mwenye nyumba akaja akasimama langoni, akasema, "Fundi, ukuta wako umelikwepa lango." Nikamcheka. Nikamwambia macho yanadanganya, Mama, nilimwambia yaleyale niliyokuandikia. Akajibu kwa upole, "Basi pima kuanzia langoni."

Sentimita kumi na nane. Kifusi kilikuwa kimeteleza chote na vigingi vyake, na kamba ikabaki imenyooka kwa sababu ncha zote mbili zilikuwa safarini. Nikaomba nirudishwe nyumbani palepale. Abuu alidhani ni mguu.

Nyumba yetu, mfenesi, banda na migomba, vyote viko kwenye ngozi moja ya mlima. Vinashuka pamoja, vimeshikana mikono. Futi haiwezi kuliona hilo hata ukipima miaka kumi. Kitu kimoja tu ulichokuwa unakipima hakipo upande wetu wa bonde, nacho ni kanisa. Ulikipima kwa kigoda na dirisha, na jicho bovu, na ulipima sawa. Nami nilikurudisha ndani kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuwa namwogopa Mjomba kuliko mlima.

Nenda kwa Modesta, kule ni mwamba. Usirudi kuchukua hata rozari. Shamba achukue Mjomba, amgawie amtakaye. Nimewapigia yeye na Modesta mara kumi na moja, simu hazipatikani. Abuu anaondoka na barua hii kesho alfajiri kwa miguu.

Nisamehe, Mama.

Jastin wako


Nyumbani, mlimani
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Mwanangu Jastin,

Marahaba baba. Mguu unaendeleaje? Huku mvua siku ya tano, haijanyanyua mguu. Asubuhi hii daraja la miti limechukuliwa na mto, hakuna anayepanda wala kushuka. Katekista anajaribu njia ya kuzunguka mgongo wa mlima, ataingia mjini keshokutwa, ndiye nampa barua hii.

Nilirudi kulala kwangu kama ulivyosema, tangu ulipoandika. Modesta amekuja mara mbili kunivuta mkono, jana alilia kabisa. Nikamwonyesha daftari. Nimemwambia mwanangu amejenga nyumba arobaini na mbili, hajawahi kukosea kipimo.

Tangu asubuhi ile sauti haipo. Kimya kabisa, hata mbuzi wamekaa kimya. Nimejicheka, kumbe ulikuwa woga kweli. Kwa miezi miwili hii leo ndiyo nimekunywa chai nimetulia.

Msalaba siuoni tena, wala kanisa. Dirishani ni migomba ya ng'ambo tu. Ni macho, mwanangu, hogo likitoka unipeleke kwa daktari.

Nimepima kabla ya kuandika, kwa shida, futi imelowa. Mfenesi, mita saba na sentimita arobaini. Hakuna kilichosogea.

Mama yako,
Bernadeta