Mwaka wa Ntumba

Mwimbi, Kalambo
4 Agosti 2024

Mjukuu wangu Coleta,

Salamu nyingi zikufikie huko Mbeya, wewe na shangazi yako Monika. Hapa sote tunapumua. Bibi yako Cornelia mzima, miguu tu inamuuma kama kawaida yake akiona jembe. Baba yako bado yuko Kasanga na mizigo ya meli, hajaandika, umzoee. Mimi ni mzima kuliko vijana wa hapa, isipokuwa jicho la kushoto lina ukungu. Silijali.

Sasa sikiliza. Tumesikia redioni matokeo ya kidato cha sita yametoka. Mimi sikungoja. Nilimwambia bibi yako aloweke ulezi siku ile ile, pombe ikaiva jana Jumamosi, nikachinja yule beberu mweusi, nikaita jumuiya nzima. Nikasimama nikasema, watu wa Mwimbi, leo mnakunywa pombe ya daktari. Vitus katekista, unamjua alivyo, akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Zenon, binti kapata daraja la ngapi?" Nikamjibu, "Daraja la mjukuu wa Zenon." Wakacheka wote.

Huyo huyo Vitus ananisumbua niende Sumbawanga kupima jicho. Niende kwa mtoto wa nani, wakati nina daktari wangu? Nakungoja wewe. Mkono mwingine hautaligusa jicho hili.

Barua hii nimeandika mwenyewe kama zote. Cheti changu cha kisomo cha watu wazima cha mwaka 1975 bado kipo ukutani, hatua ya nne, na darasa lile tulimaliza watatu tu. Simu sitaki, mtu anasema jambo leo, kesho anakana. Jibu mpe Isdori wa basi.

Ni mimi babu yako,
Zenon


Mbeya
25 Agosti 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Na bibi naye mpe shikamoo yangu. Sisi hatujambo, ni baridi tu ya Mbeya.

Pole na jicho. Ukungu ulianza lini? Mtu akisimama mlangoni unamtambua?

Kuhusu matokeo, hayakuwa kama nilivyotarajia. Nililia siku mbili, ya tatu shangazi akasema inatosha. Lakini chuo kikuu kimoja cha hapa kimenipokea. Naanza Novemba na mwaka wa msingi wa sayansi. Nitakueleza vizuri nikishaanza.

Asante kwa beberu. Nilimpenda yule beberu.

Mjukuu wako,
Coleta


Mwimbi
1 Desemba 2024

Daktari wangu Coleta,

Marahaba. Mvua zimeanza vizuri, tumeshapanda mahindi, afya zetu ni nzuri. Nakutumia unga wa ulezi kwa Isdori, uangalie kama fundo la mfuko ni langu, lile la chini kushoto. Kama si langu, Isdori ameonja.

Barua yako nimewasomea watu. Umeandika matokeo hayakuwa kama ulivyotarajia. Hiyo ni tabia yako tangu mdogo, ukipewa kipande cha kuku unaangalia cha mwenzako. Na huo mwaka wa msingi nimeuelewa sana. Mimi nimejenga nyumba tatu, hakuna nyumba inayoanza na bati. Nimemweleza Vitus kwamba madaktari wote wanaanza na msingi, kisha wanapasua. Kwa hiyo mwakani wakati kama huu utakuwa unapasua, na utaanza na mimi.

Watu wameshaanza kuja. Mayunga, yule Msukuma wa ng'ombe aliyehamia bondeni kwetu, kaja kuuliza dawa ya ndama anayeharisha. Nikamwambia daktari wangu ni wa watu.

Jicho la kulia nalo limeanza. Juzi nilimsalimia mbuzi wa Vitus nikidhani ni Vitus. Bibi yako alicheka akakaa chini. Nikamwambia nilijua, nilitaka tu kuona mbuzi atajibu nini.

Mwezi wa tatu wataalamu wa macho wanakuja Sumbawanga kwa wiki moja. Vitus akaniandikisha bila kuniuliza. Nilikwenda kwake nikamwambia afute, akafuta nimesimama pale pale. Mimi nikisema nimesema.

Babu yako,
Zenon


Mbeya
12 Januari 2025

Babu,

Shikamoo. Tumeuona mwaka mpya salama. Unga umefika, fundo lilikuwa lako.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Safari hii nampa Isdori kabla sijaisoma tena.

Mimi sisomi udaktari. Nilipata daraja la tatu. Baiolojia D, Kemia E, Fizikia S. Kwa alama hizo sikuweza kuchukuliwa kwenye shahada, si ya udaktari tu, hata nyingine niliyoomba. Mwaka wa msingi ni wa watu kama mimi waliopungukiwa. Tunasoma tena fizikia, kemia, baiolojia na hesabu, mengi ni yale yale ya kidato cha tano na cha sita, na mwisho kuna mtihani. Hapa kwetu ukipata wastani wa tatu kati ya tano kwenda juu, ndipo unaomba kuanza mwaka wa kwanza. Usipopata unarudi nyumbani. Nakaa benchi moja na baba mmoja anaitwa Yonas, ana miaka arobaini na moja na watoto wanne. Hakuna anayepasua mtu. Tumepasua chura mmoja tu, naye alikuwa amekufa zamani.

Hata ningekuwa nimepata udaktari, ni miaka mingi. Macho yako hayawezi kungoja. Nilimuuliza muuguzi wa hapa, akasema huenda ni mtoto wa jicho. Anatolewa mtu anaona, lakini ukichelewa sana jicho linaweza kuharibika kabisa. Nakuomba umwambie Vitus akurudishe kwenye orodha.

Nisamehe, babu. Ulipokwisha kuchinja beberu nilishindwa kusema.

Coleta


Mwimbi
2 Machi 2025

Coleta,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako imenichukua siku tatu kuisoma. Si kwamba siwezi. Jicho lililobaki linataka jua, na mvua haikatiki. Kama mistari hii inapandana, usinicheke.

Kwa hiyo mimi nimewanywesha watu pombe ya daktari ambaye hayupo. Kwa hiyo umerudia darasa. Mwaka mzima umekaa bure na wazee wenye watoto wanne mnaangalia chura. Si bora urudi huku ulime? Na habari ya Sumbawanga isahau. Nikionekana kwenye foleni ile, Vitus atauliza, mzee, daktari wako yuko wapi? Nitasema nini? Afadhali nisiione hiyo sura yake akiuliza.

Habari nyingine. Mwaka huu shamba la juu nalifanyia ntumba. Nakata nyasi, nazifunika kwa udongo, vilima vya mviringo, kama alivyofanya babu yangu. Nafanya kwa kupapasa, na bado zimepangika kuliko za vijana wenye macho. Mayunga akapita na ng'ombe wake, akasimama. "Mzee, mwaka huu hulimi? Naona unazika nyasi." Nilicheka mpaka nikaegemea jembe. Nikamwambia, "Wewe mtu wa pamba hujui kitu. Huku chini nyasi zinaoza. Huku juu napanda maharage, nakula. Desemba nafumua namwaga ulezi. Nikiumwaga leo juu ya nyasi mbichi nitavuna nini, mtani wangu?" Akasema, "Kwa hiyo shamba halijakaa bure." Nikamwambia shamba la Zenon halijawahi kukaa bure. Akaenda zake anatikisa kichwa.

Usiniandikie tena habari za macho.

Zenon


Mbeya
9 Machi 2025

Babu,

Shikamoo. Natumaini mvua imewapa nafasi kidogo, na bibi anapumzika.

Hutaki habari za macho, basi nakuandikia za nyasi. Mayunga alikuuliza kama mwaka huu hulimi, ukamcheka. Wewe umeniuliza mimi hivyo hivyo. Mimi sikucheki kwa sababu wewe ni babu yangu. Kidato cha tano niliikariri fizikia bila kuielewa, nikaingia nayo kwenye mtihani. Nilimwaga ulezi kwenye nyasi mbichi, na nilichovuna umekiona. Sasa ndio zinaoza. Jaribio la kwanza nilipata thelathini na moja kwa mia. La pili arobaini na nane. Maharage bado sijayaona, lakini sijakaa bure.

Jambo la pili. Uliuliza utawaambia nini watu. Hiyo kazi nimekuondolea. Nimemwandikia katekista Vitus, aisome kwenye jumuiya. Nimeandika hivi: "Mimi Coleta, mjukuu wa Mzee Zenon, sijawa daktari. Nilipata daraja la tatu, sasa nasoma mwaka wa msingi. Babu hakuwadanganya, mimi ndiye sikumwambia. Nawashukuru mliokunywa pombe ile. Mniombee." Kwa hiyo hakuna tena wa kukuuliza daktari wako yuko wapi. Wote watakuwa wanajua.

Wataalamu wanafika Sumbawanga tarehe 24. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie huku unaona.

Mjukuu wako,
Coleta


Mbeya
15 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa tatu sijapata barua. Kila Isdori akifika namngoja stendi, anatikisa kichwa kabla hajashuka. Shangazi amempigia Vitus simu. Vitus anasema umekataza mtu yeyote kusema lolote juu ya macho yako, na bibi naye amekubali. Sasa sijui kama ulikwenda au hukwenda.

Mtihani ni mwezi ujao. Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Coleta


Mbeya
21 Septemba 2025

Babu,

Shikamoo. Kama macho hayawezi, naomba bibi ampe Vitus akusomee.

Nimefaulu. Nimepata wastani wa tatu nukta sita. Yonas naye amepita, alinunua soda darasa zima. Nimepokewa mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi ya maabara za afya. Si udaktari, babu, nakwambia mapema safari hii. Nitakuwa napima damu na makohozi, ili daktari ajue anatibu nini.

Usichinje kitu.

Mjukuu wako anayekungoja,
Coleta


Mwimbi
14 Desemba 2025

Mjukuu wangu Coleta,

Marahaba ya mwezi wa tatu, marahaba ya mwezi wa sita, na marahaba ya mwezi wa tisa. Sisi wazima, bibi yako anakusalimu, na baba yako alikuja na samaki wa Kasanga, wakubwa.

Nilisema sitakuandikia mpaka nifumue ntumba. Unanijua.

Vitus aliisoma barua yako. Aliisoma polepole, kwa sauti ya Ijumaa Kuu, apate kunimaliza. Alipofika mwisho bibi yako akasema, "Lakini pombe ilikuwa nzuri." Wakacheka, Vitus naye. Mimi nilikaa kama mtu aliyevuliwa kofia.

Wiki ile ya wataalamu, siku ya mwisho, Mayunga akaja na pikipiki yake mpaka mlangoni. Habari zilishamfikia. Akasema, "Mzee, kumbe binti yuko chini ya udongo anaiva." Hebu fikiri, Zenon kupigwa na maneno yake mwenyewe, tena na mtu wa pamba. Akasema, "Panda." Nikapanda. Nilimwambia nakwenda Sumbawanga kuuliza bei ya bati. Akasema sawa.

Aliyenishika jicho ni binti, hajafika umri wa shangazi yako. Nikamwambia nina mjukuu kwenye sayansi, yuko mwaka wa msingi. Nilisema hivyo hivyo, wa msingi. Akasema, "Mzee, nyamaza, usitikise kichwa." Nikanyamaza.

Wakalipasua jicho, wakalifunga, wakaniambia wiki nne usiiname, usishike jembe. Wiki nne za ntumba! Nilibishana nao, wapi. Basi Mayunga na mkewe Minza ndio waliolimalizia shamba la juu, mimi nimekaa kwenye kigoda naelekeza. Ntumba zao zilikaa ovyo kama ng'ombe wanaocheua. Niliona aibu kila nikipita, na nilikuwa naziona vizuri sana. Jicho la pili walilipasua mwezi wa nane.

Juzi tumefumua. Nyasi zimeoza zote, udongo mweusi, ukiukamata unashikana. Hata ntumba za Mayunga. Hasa za Mayunga, lakini hilo usimwambie. Ulezi tumemwaga jana.

Barua yako ya Septemba sikusomewa, niliisoma mwenyewe. Nimewaambia watu hapa kwamba daktari mwenye akili haandiki dawa mpaka karatasi ya mjukuu wangu imfikie mezani. Vitus akauliza, "Mzee, safari hii ni kweli?" Nikampa barua yako, nikamwambia soma, neno kwa neno. Jambo hilo sijawahi kulifanya.

Sasa neno langu la mwisho. Yule beberu mweusi nilimchinja kabla sijakuuliza ulipata nini. Umeniandikia wastani, lakini hukuandika somo moja moja. Niandikie zote. Fizikia ngapi, kemia ngapi, na ile mbaya uiweke. Andika kwa herufi ndogo zako zile, zijae zote kwenye karatasi moja. Naona.

Babu yako mzaa baba,
Zenon